Jiwe Lako, Mama Neema

Mama Neema mpendwa,

Nimegombana tena na watu, na safari hii hukuwepo kunivuta shati. Kamati ya kanisa ilikaa sebuleni kwetu hapa ugenini Richardson kupanga jiwe la kaburi lako. Walitaka graniti nyeusi inayong'aa, yenye picha yako na mstari wa Zaburi. Nikawaambia wamegeuza makaburi kuwa meza za hoteli. Mwenyekiti akauliza, "Basi wewe unataka nini, ndugu?" Nikasema nataka jiwe ghafi, lichongwe jina tu.

Hawakuelewa. Hawakuwa nasi Florence, ule mji wa sanamu.

Ulitoka zamu hospitalini ukapanda ndege na viatu vya kazi. Mimi nilifika na hotuba tayari: kwamba uzuri wote ule ulilipiwa na matajiri wa benki, na kwamba kwetu wapo wachongaji ambao hakuna anayewapangia foleni. Bado naamini hivyo. Hata kwenye maktaba aliyoichora yule mchongaji wa kale uliyempenda, mbele ya ngazi za kijivu zinazomwagika kama uji uliofurika sufuria, nilikuwa nahubiri. Ukanikatiza: "Baba Neema, hata ngazi unazigombeza? Panda kwanza!"

Kesho yake tukaenda kumwona Daudi, sanamu yake maarufu. Watu wote walimkimbilia. Wewe ulibaki nyuma ukumbini, kwa wale mateka wa mawe aliowaacha bila kumaliza kuwachonga, kifua nje, kichwa bado ndani ya jiwe. Ulisimama pale mpaka nikaudhika.

"Huyu namjua," ulisema. "Wagonjwa wangu wakiamka baada ya upasuaji huwa hivi hivi. Wanajisukuma."

"Daudi anatungoja, mama."

"Daudi ni mzima. Hahitaji nesi."

Ndiyo maana nilipigania jiwe ghafi. Nikashinda, kama kawaida. Wanakamati walichoka mmoja baada ya mwingine. Kisha mama yako akapiga simu kutoka Nakuru. Nilijiandaa kwa vita. Nilidhani atasema watu watacheka kwamba mkwe alikosa fundi wa kumalizia kazi. Hakusema hivyo. Aliuliza tu kama ni kweli jiwe litabaki na makovu ya patasi. Nikamweleza habari za mateka wako. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia, Baba Neema. Lakini mwanangu alijisukuma sana kwenye kile kitanda. Amemaliza. Mlainishie."

Unajua vitabu nilivyosoma, unajua jinsi ninavyopenda neno la mwisho. Safari hii nilimwachia yeye. Nilimpigia mwenyekiti nikamwambia jiwe lilainishwe, na asinicheke, na kwa heshima yake hakucheka. Picha bado nimeikataa. Zaburi nimewaachia.

Leo asubuhi jiwe limesimikwa. Ni la kijivu, si jeusi. Watu walipoenda kwenye magari nilibaki nikapitisha kiganja juu yake, taratibu, kutoka ukingo hadi ukingo. Hakikukwama popote.

Pumzika, mpenzi. Hapa hakuna wa kukuamsha.

Mumeo