Risasi Kisimani

Mwanza, 14 Julai 2025

Mama mpendwa,
Shikamoo. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa Obedi, kondakta wa basi, barua hii. Mimi mzima. Mafunzo ya utafiti ya likizo yameanza. Kila mwanafunzi wa kemia amepewa kazi yake, yangu ni maji ya visima. Yale niliyochota kwa Mzee Ogweno siku ninaondoka nimeyapima jana. Mama, kisima kile kina risasi, tena nyingi. Msinywe kwanza. Waambie na majirani.
Binti yako, Akinyi

Rorya, 19 Julai

Mwanangu,
Marahaba. Huku wazima, mbuzi kazaa mapacha. Barua nimeisoma, nikampa na mchungaji asome. Risasi? Nani kampiga nani? Nilimwuliza Ogweno taratibu, akafoka: “Mama Akinyi, unaniita muuaji?” Akashuka kisimani kwa kamba, tochi mdomoni. Alitoka na ndoo iliyozama mwaka juzi na kandambili moja. Risasi hakuna. Lakini watu washasikia, wanasema mle kuna maiti. Mwenyekiti wa kijiji amekifunga kwa mnyororo. Hebu nieleze, hiyo risasi umeiona wapi?
Mama yako

Mwanza, 24 Julai

Mama,
Shikamoo, na pole. Nilicheka, halafu nikaona aibu. Siyo risasi ya bunduki. Ni madini, yale yaliyomo kwenye betri za gari. Yakiyeyuka majini huyaoni, na yanaharibu ubongo wa watoto. Niombee radhi kwa Mzee Ogweno, lakini kisima kibaki kimefungwa.
Binti yako, Akinyi

Rorya, 3 Agosti

Mwanangu,
Marahaba. Kwa hiyo risasi ipo ila haionekani. Nimewaambia watu hivyo, wakanitazama kama mlevi. Sasa tunachota ziwani, palepale wanaponywea ng’ombe. Wengi hawachemshi, kuni zenyewe shida. Mtoto wa jirani yetu Aloo ameharisha mpaka macho yakaingia ndani. Juzi amelazwa, katundikiwa dripu. Aloo haitikii salamu yangu. Akinyi, una hakika na ulichokiona?
Mama yako

Mwanza, 6 Agosti

Mama,
Shikamoo. Mtoto anaendeleaje? Swali lako nimelipeleka kwa Dokta Zahabia, msimamizi wetu. Hakugomba. Aliuliza tu, “Chupa yenyewe uliipima?” Sikuwa nimeipima. Tukatia maji safi ya maabara kwenye chupa kama ile, tukapima. Risasi ileile! Kwa hiyo huenda ilikuwa kwenye chupa. Au iko kote kuwili. Sijui, mama. Naangalia namba zangu, hazinijibu. Obedi anawaletea chupa nyingine, tumezikagua. Zijazeni mzirudishe. Na maji ya ziwa yachemsheni, tafadhali.
Binti yako, Akinyi

Rorya, 10 Agosti

Mwanangu,
Marahaba. Mtoto ametoka hospitali. Amekonda, lakini uji anakunywa. Chupa kajaza Ogweno, hakutaka mtu mwingine aziguse. Sasa niambie: kwanza risasi ya bunduki, kisha risasi isiyoonekana, leo risasi ya chupa. Nikisimama mbele ya watu niseme ipi? Mwenyekiti anasema hata ulete karatasi yenye mhuri hafungui. Atafungua siku utakaposimama pale kisimani ukanywa wewe kwanza.
Mama yako

Mwanza, 17 Agosti

Mama,
Shikamoo. Hakuna risasi. Nimepima nikarudia, Dokta Zahabia naye akapima kwa mkono wake. Maji ya Mzee Ogweno ni safi, na yalikuwa safi siku zote mlizokunywa ya ziwani.

Nilidhani nitafurahi. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za maabara nikalia, wenzangu wakaniuliza nalia nini. Dokta anasema kosa la aina hii humpata kila mtafiti. Labda. Lakini yeye hamjui mtoto wa Aloo.

Nakuja na basi la Alhamisi. Nitaanzia kwa Aloo, nitaingia peke yangu, akinifukuza nitakaa nje mpaka achoke. Kisha kisimani. Mwambie mwenyekiti nitakunywa.

Nakwambia wewe tu: vile vipimo vya kwanza niliviamini hivihivi ninavyoviamini hivi vya sasa. Nitakunywa, mama, ila usimame karibu nami.
Binti yako, Akinyi