Sinia la Hitima ya Mzee Kombo

Jumanne, 2 Julai
Nimeswali. Nimemwagilia mchicha. Rajabu, mjukuu wangu, ameondoka alfajiri kwenda Mwera kufua nazi ghalani, kuzitoa maganda ya nje. Jioni atavaa fulana nyekundu na kuomba udiwani wa kata yetu. Wenzake ni wafuaji nazi na wakata mkonge. Wanajiita wajamaa. Neno hilo nililifundisha darasani miaka mingi. Sasa nikilisikia, ndani yangu hakitikisiki kitu.

Jumamosi, 6 Julai
Mkutano wao sokoni. Watu wachache. Rajabu alizungumzia ujira wa wafuaji. Alizungumza vizuri, ila haraka mno. Muuza mihogo mmoja aliuliza wamewaletea nini. Alijibiwa kwamba wameapa kutompa mpiga kura kitu, wala kupokea kitu cha mpinzani.

“Basi, mwanangu,” alisema yule mama, “hata wanaotudanganya hutupa kanga kwanza.”

Watu walicheka. Hata Rajabu.

Mpinzani wake ni mwenye ghala lile lile la Mwera. Amempelekea ujumbe: ajitoe, au nafasi yake ya kazi apewe mwingine. Hakujitoa.

Jumatano, 10 Julai
Mzee Kombo amefariki. Ndiye aliyewapa vijana baraza lake la kukutania. Mkewe, Bi Mwanahamisi, alikuwa akiwaombea kura kwa wanawake wa upande wa mtoni. Wanawake hao humsikiliza.

Vijana waliacha kampeni. Walichimba kaburi, wakabeba jeneza. Watu waliwatazama kwa namna nyingine. Nilifikiri: huenda wakapata kura. Basi.

Ijumaa, 12 Julai
Hitima, kisomo cha kumwombea Kombo. Mchele na mbuzi vililetwa na mwenye ghala.

Baada ya kisomo yaliletwa masinia. Nilikaa sinia moja na Rajabu na wenzake watatu. Rajabu aliuliza chakula kimetoka wapi. Akaambiwa. Akarudisha mkono.

“Babu, huu ni mchele wa kura.”

“Huu ni mchele wa Kombo. Kaa.”

Wakainuka wote wanne, wakatoka. Nikala peke yangu kwenye sinia la watu watano. Sikusikia ladha. Bi Mwanahamisi alikuwa amesimama mlangoni. Aliona.

Jumatatu, 15 Julai
Mji mzima unasema. Wajamaa wamekataa hitima ya mtu aliyewapa baraza. Ati hawakumtakia rehema. Kaburi walilochimba halitajwi tena.

Rajabu alikwenda kwa Bi Mwanahamisi kujieleza. Shikamoo yake haikuitikiwa. Baraza limefungwa.

Aliporudi aliniuliza kama alikosea. Nilisema ndiyo. Akaniuliza, je, angekula, kiapo kingekuwa na maana gani? Nilimwambia ale chakula chake kabla hakijapoa.

Jumamosi, 20 Julai
Nimepiga kura. Foleni fupi. Vijana wengi wa mji walibaki kijiweni wakicheza bao. Wanasema mshindi hujulikana mapema.

Mwenye ghala ameshinda, tena kwa mbali. Upande wa mtoni Rajabu karibu hakupata kitu. Sikushangaa. Sikuhuzunika pia, na hilo ndilo lililonisumbua kidogo.

Jumatatu, 22 Julai
Rajabu alikwenda ghalani. Alirudi kabla jua halijawa kali. Nafasi yake ina mtu.

Jumapili, 28 Julai
Nazi za Bi Mwanahamisi ziliangushwa juzi. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akizifua. Leo asubuhi Rajabu amekwenda bila kuitwa, akasimika uani kifuo, mti wenye ncha wa kufulia nazi, na kuanza kazi. Hakuvaa fulana nyekundu.

Nilipita adhuhuri kumjulia hali mjane. Makumbi ya nazi yalikuwa yamejaa pembeni. Bi Mwanahamisi alitoka ndani na sahani ya wali na samaki, akaiweka chini karibu naye.

“Huu nimeupika mimi,” alisema. “Utakula?”

Rajabu alinawa. Alikula, akamaliza.

Nimerudi nyumbani. Mawingu yalikuwa yakija. Fulana nyekundu ilikuwa bado kambani. Nimeianua, nikaikunja, nikaiweka juu ya kitanda chake.