Swali la Mama Cherono

Eldoret,
Jumamosi asubuhi

Kwa Dada Wakesho,

Hamjambo hapo Voi? Mgongo wa Baba unaendeleaje, ameacha kubeba maji mwenyewe? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya huku inanivalisha sweta mbili hata ofisini, na moyo umejaa hasira. Nakuandikia kwa karatasi maana kwa simu ningepiga kelele tu.

Unakumbuka lile jukwaa la wakulima wa viazi ninalolisimamia, mtu anauliza swali mtandaoni na wenzake wanamjibu? Lilikuwa tovuti nyepesi, hata kisimu cha zamani kiliifungua. Mwenyekiti wa chama chetu akaona aibu.

"Wenzetu wa mahindi huko Moi's Bridge wako na app," akaniambia. "Sisi tuko na website tu? Funga hiyo kitu, tengeneza app."

Nikamwambia simu za wanachama wengi hazina nafasi ya kupakua app. Akacheka, eti watanunua zingine. Basi nikaifunga tovuti kwa mkono wangu huu, kwa sababu mkataba wangu unaisha mwezi ujao na nilitaka niongezewe.

Sasa sikia. Kuna mjane wa Ainabkoi, Mama Cherono, anayeishi kwa viazi vyake. Simu yake iliikataa app. Alipoona madoa meusi kwenye majani, akaenda kwa jirani yake, Mzee Kiptoo. Mzee alikuwa kwa ng'ombe, mkewe akamwazima mama simu ya mumewe, mama akauliza swali lake akarudi nyumbani kungoja. Jibu likaja jioni: pulizia dawa kesho asubuhi, usichelewe. Lakini app inamjua mwenye simu peke yake, kwa hiyo jibu lilianza, "Mzee Kiptoo." Mzee hakujua kuna swali lililoulizwa, akadhani chama kimemkumbuka, akapulizia shamba lake. Viazi vyake vikapona. Vya Mama Cherono vikaozea ardhini vyote.

Juzi mama alikuja ofisini na viazi viwili vilivyooza, amevifunga kwenye leso.

"Sijakuja kugombana, kijana," akasema. "Nataka tu kujua, mbona hamkunijibu?"

Nikamwonyesha jibu. Akalisoma mara mbili. "Kumbe mlijibu," akasema, akafunga leso yake akaondoka. Dada, niliona haya ambayo sijawahi kuona.

Na hapo hapo Mwenyekiti anatembea na ujumbe wa shukrani wa Mzee Kiptoo akiwasomea watu jinsi app ilivyookoa shamba! Akaniagiza niweke picha ya Mzee ukurasa wa mbele wa app.

Nimeiweka leo. Chini yake nimeandika kwamba swali lililookoa shamba hili liliulizwa na Mama Cherono, na hakupata jibu kwa sababu tulifunga tovuti. Kisha nikaifungua tena tovuti, nikampigia mama simu kumwambia. Mwenyekiti amenipigia mara tatu tangu nianze barua hii. Sijapokea.

Nisalimie Baba, shemeji fundi baiskeli, na shangazi wa kanisani asiyeacha kuniulizia mke. Mkataba usipoongezwa, nitengeeni kitanda. Sweta nitaziacha hukuhuku.

Ni mimi mdogo wako mwenye hasira,
Mwadime

Kabla sijafunga bahasha nimechungulia tovuti. Kuna ujumbe mmoja tu, wa Mama Cherono, neno moja: "Imefunguka."