Trésor, Watu Walikaa Chini kwa Albamu Yetu ya Pili

Trésor, ndugu yangu, weye mubaya sana.

Mutu anamaliza kuimba albamu yote mu studio, kisha anapanda piki kwenda Nyankunde kusalimia tu, kamyo ya mizigo inamugonga, anakufa? Weye? Kichwa yangu inakataa. Nikisikia piki inasimama kwa mulango, ninasema: ni ule mujinga, anarudi kuomba chargeur ya simu.

Basi sikia. Jana tulitoa ile albamu, mu salle ya paroisse, pale kanisani. Unakumbuka ya kwanza? Mutaa yetu ya Rwambuzi yote iliruka, viti ikavunjika, hata wale askari wageni wa kulinda amani, wa kofia ya bleu, walitikisa kichwa, na hawakujuaka rock ni nini. Miye ndiye niliwarusha, batteur, mupiga ngoma mukubwa wa Ituri. Weye ulikuwa unapiga tu kelele kwa mikro. Haya, kasirika. Rudi unipige.

Jana nilipanda na lunette nyeusi kwa macho. Tukafungulia sauti yako ya studio mu bafle, yale masanduku ya sauti, nikapiga ngoma kama mutu anavunja mulango. Salle ilijaa. Hakuna aliruka. Trésor, walikaa chini! Wamama na kitambaa ya matanga kwa kichwa, wengine walileta sukari na makala ya kupikia, kama vile kwa kilio. Sauti yako ikaingia, mama moja akaanza kulia, wote wakafuata. Nilibaki na fimbo ya ngoma juu. Nikawaza: groupe yetu ya muziki nayo inazikwa leo.

Kisha koko yako, ule nyanya yako muzee, akasimama. Yeye mwenyewe, alikuitaka "bwana yangu" tangu ulikuwa mutoto, ule utani wa koko na mujukuu, na kila binti uliyemuleta nyumbani alimufukuza kwa sababu hataki mukemwenza. Akapanda estrade, pale juu kwa wanamuziki, miguu mitupu, akakamata mikro:

"Mujane ni miye! Nani amewaambia mukae? Bwana yangu alipendaka kelele. Na weye wa ngoma, umelala? Piga!"

Miye, kulala! Nilipiga mpaka ngozi ikapasuka. Na koko akaruka, Trésor. Na yale magoti yake! Akaruka analia, watu wakasimama nyuma yake, wanaruka, wanalia. Ilikuwa sortie ya albamu ao kilio? Mpaka sasa sijui. Angalia haya maandiko yangu mabaya. Usicheke. Weye pia uliacha masomo.

Watu waliondoka wanaimba nyimbo za albamu ya pili, si za ya kwanza. Ulisemaka hawatazipenda. Ulikosea, mukubwa, na hauko hapa nikuchekelee.

Koko alinivuta sikio, akasema repetisyo, mazoezi yetu, itafanyika mu parcelle yake, pale nyumbani, asikie toka kitandani. Nimekubali. Kesho tunaanza albamu ya tatu, na sijui nani ataimba.

Lala, kiburi weye. Nitamuchotea koko, ule muke yako, maji asubuhi, kisha nitapiga nguvu, nguvu sana. Kama huko masikio ingali inafanya kazi, itika hata kidogo.

Fiston