Mwoka Mikate wa Kwenye Simu

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza, na nitaandika yote, hata yatakayonitia aibu.

Mama ana mchumba wa kwenye simu! Mgane, mwoka mikate wa mji wa jirani. Walifahamiana katika kundi la mtandaoni la watu waliofiwa na wenzi wao. Mama yuko kwenye cherehani kutwa, hawezi kushika simu na kitambaa kwa pamoja. Basi yeye husema, mimi naandika. Akisema, "Mwambie nimechoka kama punda," mimi naandika, "Kazi za leo zimenilemea, lakini nashukuru kwa uzima." Si ndiyo vizuri zaidi?

Jumapili wataonana kwa mara ya kwanza. Mama anajishonea gauni la buluu. Tangu Baba afariki hajawahi kujishonea kitu.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu wa kompyuta katufundisha kumtambua tapeli wa mtandaoni. Hana habari ndogo ndogo za maisha yake. Ana maneno matamu tu. Muulize jambo la kazi anayodai kuifanya, ambalo mwenye kazi hiyo pekee ndiye anayelijua.

Lo! Mwoka mikate wetu ni utamu mtupu. Juzi kaanza, "Subira ni ufunguo wa faraja." Mwoka mikate gani huyu?

Nimemuuliza bila kumwambia Mama: unga ukikataa kuumuka, unafanyaje? Jibu likachelewa. Kisha: "Hamira ni kiumbe hai kidogo mno. Inahitaji joto, unyevu na sukari."

Hiyo ni sayansi ya darasani! Huyu hajawahi kukanda unga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Mama. Kasimamisha cherehani. "Makubwa! Mwanangu umeshakuwa polisi?" Nikamweleza yote. Akasema basi atampigia, mwongo hafichi sauti. Hawajawahi kupigiana. Mama huona haya — eti mwenye maneno ni mimi.

Kapiga, kaweka spika. Sauti nzito, nyuma yake masinia yanagongana. Mama akauliza lile swali langu. Jamaa akacheka.

"Unga ukigoma? Nausogeza kando ya tanuri, naufunika kama mtoto mwenye homa. Ukigoma tena, kuku wanakula unga, mimi nakula hasara!"

"Basi kuku wako wamenenepa hao!" Mama alicheka mpaka akashika meza.

Yule bwana akasema polepole, "Dada, samahani. Wewe ni nani?"

"Si mimi?"

"Hapana. Yule wangu huongea kama hotuba. Wewe mcheshi sikujui. Naona mmenifanya mjinga."

Akakata.

Mama hakunigombeza. Alilikunja gauni, pini zikiwa bado kwenye pindo. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 8 Machi

Situlii. Nakaa, nasimama. Nimesoma mazungumzo yote tangu mwanzo. Tapeli humu ndani ni mimi! Hakuna hata mzaha mmoja wa Mama. Nimeifuta yote kwa ajili ya usafi wa lugha.

Lakini — yule wa kuku na yule wa "kiumbe hai" ni mtu mmoja kweli? Ujumbe wake huja baada ya saa za shule tu. Wiki ya mitihani alinyamaza. Sikushtuka, maana na mimi nilinyamaza. Na kila mara anaanza na methali, kama mwalimu wa insha anavyotudai sisi.

Mama amepeleka nguo kwa mteja, simu kaiacha. Nimeandika haraka kabla sijaogopa: "Aliyepiga jana ndiye Mama mwenyewe. Anayeandika ni mimi, binti yake. Mwambie baba yako asimkasirikie Mama."

Nimetuma!

Naona anaandika… ameacha. Anaandika tena… ameacha. Kesho ndiyo Jumapili, na gauni limebaki pindo tu. Nasikia viatu vya Mama ngazini. Nimemtumia swali moja la mwisho, na jibu nalitaka sasa hivi:

Na wewe mwenzangu, uko kidato cha ngapi?