Chaja za Mama na Safari Uliyompangia

Nyumbani kwa Mama,
chumba cha kushonea,
Jumapili mchana.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa ukitukoholea kwenye simu kimekwisha. Shemeji bado anafanya zamu za usiku? Na yule binti yako mdogo, meno ya mbele yameota au bado anacheka na pengo lake? Sisi huku ni wazima. Mama ni mzima kabisa, na hilo neno "kabisa" nimeliandika makusudi, utaona.

Ningeweza kukupigia, lakini nakujua. Ningefika sentensi ya pili tu ungekuwa umeshaanza kubishana. Karatasi haikatizwi maneno, kwa hiyo keti, soma mpaka mwisho, halafu unune ukitaka.

Unakumbuka nilikuja kufanya nini. Tulikubaliana, mimi na wewe, kwamba mambo yamefika pabaya. Mama hapatikani kwenye simu, jirani anasema anashinda ndani kimya, redio haisikiki tena, basi uzee umemwingia kichwani na hawezi kuendelea kukaa peke yake. Wewe ukamwandalia chumba huko kwako. Mimi nikaja kumfungashia, na masanduku mawili makubwa na moyo mzito.

Nilimkuta mlangoni, tepu yake ya kupimia shingoni kama kawaida. Alinikagua sketi kabla ya kuitikia salamu, akasema pindo hili limeshonwa na mtu mwenye haraka zake. Nikajiuliza, huyu ndiye tuliyesema akili zimemruka?

Lakini ndani, kaka, nyumba ilikuwa imepoa kweli. Simu iko juu ya kabati, imezimika. Taa ya kuchaji uliyomletea imezimika. Kipimo cha presha nilichomnunulia mimi, nacho kimya. Redio yako ameifunika kitambaa cheupe, utadhani nyumba ina msiba. Nilipomwuliza, alisema hana haja navyo, vinamsumbua. Mama huyu huyu ambaye tangu tupate akili hajawahi kushona bila redio pembeni. Sikumwamini, ila sikubishana naye.

Siku ya pili nikaanza na chumba cha kushonea. Nilivuta droo ya nyuzi nikakuta hakuna uzi hata mmoja, ni nyaya tupu. Ungeziona ungecheka, halafu ungeacha kucheka. Kila chaja na kila waya tuliowahi kuuingiza nyumba hii, mimi na wewe, ulikuwa humo: za simu zetu za kale, ya kompyuta yako ya chuoni, za vitu ambavyo vyenyewe vilishakufa zamani. Na zote zimepangwa vizuri mno. Nyeupe na nyeupe, nyeusi na nyeusi, za kijivu pembeni, ndefu chini na fupi juu, kila moja imefungwa kwa uzi wa rangi yake. Alikuwa amezipanga kama fundi cherehani anavyopanga nyuzi.

Na kosa lilikuwa hapo hapo. Uzi mweusi ni uzi mweusi, chukua wowote ushone. Chaja nyeusi sivyo; kila moja ina chombo chake na nguvu yake, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Droo ilikuwa safi, ila hakuna tena aliyejua ipi ni ya nini, hata mwenye droo.

Nilimwuliza taratibu. Kwanza alizungukazunguka, akaulizia wanangu, akaulizia vitambaa vya mjini. Mwisho akakaa kwenye kiti chake cha cherehani akanieleza. Kumbe siku moja betri ya redio iliisha, akachukua chaja nyeusi ambayo kichwa chake kiliingia vizuri kwenye tundu, akachomeka. Redio ikatoa moshi na harufu ya kuungua. Akaichomoa haraka, akaifunika, na tangu siku hiyo hakuchomeka tena kitu chochote ukutani isipokuwa pasi. Taa ikaisha chaji, akaiacha. Simu ikaisha, akaiacha.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mtu, hata jirani. Alichonijibu nakuandikia kama alivyokisema:

"Nimeunguza redio ya mwanangu. Ningesema, mngesema nimezeeka, mje mnichukue. Nikaona bora ninyamaze."

Nililia, kaka, sikufichi. Alinyamaza ili tusimchukue, na sisi kwa kumwona amenyamaza ndiyo tukaamua kumchukua.

Basi masanduku nikayasukuma chini ya kitanda. Tulitandika shuka sakafuni tukamwaga droo nzima. Kwenye tumbo la kila chaja kuna maandishi madogo yanayotaja volti zake, na Mama akavaa miwani yake ya kutungia uzi, mimi nikawa nashika vyombo kimoja kimoja, tunalinganisha. Redio yako inataka volti tano. Ile aliyoichomeka ni ya volti kumi na mbili, ya king'amuzi cha zamani tulichokwisha kukisahau. Hata mimi ningeichomeka, maana inaingia bila kusukumwa. Na wewe pia, usijifanye mjuaji.

Kupanga upya ndiko kulikotugombanisha. Mimi nilitaka kubandika karatasi zenye majina. Mama akasema karatasi hubanduka, na mwandiko wangu hata mwalimu wangu ulimshinda. Akafungua mfuko wake wa vipande vya nguo. Sasa kila chombo kina kitambaa chake, kipande kimoja kimegandishwa kwenye chombo na kingine kama hicho kimeshonwa kuzunguka waya wa chaja yake. Simu ina maua mekundu, taa ina mistari ya manjano, na redio ina kipande cha shati lako la shule, ambalo amelitunza miaka yote hii bila kumwambia mtu.

Akamalizia kwa kushona turubai lenye mifuko, linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba hiki, mbali na jiko na maji. Mfuko wa kwanza aliukata mwembamba, chaja ya kompyuta yangu ikakataa kuingia, akaufumua akijisonya mwenyewe. Na amenipiga marufuku kuzungusha waya kwa kuubana kwenye chaja. Anasema utakatikia shingoni, ukunjwe kwa kulegea kama tepu.

Shughuli pevu ilikuwa kutupa. Kila waya usio na chombo ulikuwa na wakili wake, naye ni Mama. Huu alikuja nao kaka yako, huu bado mzima, huu huenda siku moja. Tulipofika kwenye waya wa mashine ya kunyolea ya marehemu Baba, mimi ndiye niliyeshindwa. Mashine yenyewe haipo, lakini waya tumeupa mfuko wake, juu kabisa.

Nyaya nyingine nilimpelekea fundi redio wa pale njia panda, akasema atazipatia kazi. Nilikuwa nimebeba na redio yako. Aliifungua, akanusa ndani, akabadilisha kijipande kimoja kilichoungua, na ikaanza kuongea palepale mezani. Niliporudi nayo ikiwa inaongea, Mama aliweka mkono kifuani akakaa chini. Sasa imekuwa kero, maana haizimwi, na taarifa ya habari tunaisikiliza sisi na jirani kwa pamoja.

Jana niliondoka makusudi, nikampa nafasi. Niliporudi jioni simu ilikuwa imejaa chaji, waya umerudi mfukoni mwake, na Mama yuko kwenye cherehani anashona sare alizoletewa na majirani. Hakuinua hata kichwa. Aliniambia tu nisikanyage vitambaa.

Sasa kaka, nisikilize vizuri. Tangu simu yake iwake umempigia mara mbili, na mara zote mbili umemwuliza kama amefungasha, naye akakujibu "haya, mwanangu." Hiyo haya usiitegemee. Ni ile anayompa mteja anayetaka gauni kesho asubuhi. Hakwambii hapana kwa sababu umehangaika kumwandalia chumba, na anaogopa kukuvunja moyo. Mimi nimeshamwambia atabaki. Aliniitikia kwa upole tu, kama mtu anayeahidiwa na mtoto. Kwake mimi ni kitinda mimba, na neno analolingoja ni la mkubwa.

Hasemi hatakuja kwenu. Anataka kuja kutembea, awaone wajukuu, akae mpaka awachoshe, kisha arudi kwake. Mimi nitakuwa nikija kila mwisho wa mwezi, na jirani tumemwachia ufunguo.

Shangazi anakusalimu sana na anauliza umenenepa au bado. Nisalimie shemeji, na yule kifungua mimba wako anayejiona mtu mzima, na Pengo. Mungu awalinde, awape afya na riziki, na akulainishie moyo wakati unasoma hapa.

Tangu asubuhi Mama ameiweka simu kwenye mfuko wa aproni. Ikilia anaitoa haraka, akiona si wewe anaizima sauti na kuirudisha. Mpigie, kaka, na kabla ya maneno mengine yoyote mwambie, "Mama, kaa nyumbani kwako."

Ni mimi nikupendaye hata ukinuna,
mdogo wako.