Kwa Shangazi, Aliyepita kwa Madaktari Watatu

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini mtoto uliyemlea mwenyewe hawezi kuanza barua kwako bila salamu.

Nakuandikia kwa sababu ya mteja wako wa Lindi, yule mama aliyekuwa akichukua sufuria kwako kwa jumla. Juzi alikuja ofisini kwangu, akakaa, akavuta mtandio kifuani, akanieleza kwamba ana uvimbe kwenye titi. Ameshaonwa katika hospitali moja na sasa anataka kwenda nyingine. "Huko sitasema nimetoka wapi," aliniambia. "Nataka nao niwasikie watasemaje." Nikamtazama, nikakuona wewe. Nimeamua kumsimulia yaliyotupata, na kwa kuwa ni habari zako, nimeona nikusimulie wewe kwanza. Naiandika hadharani kwa sababu watu wa namna yenu ni wengi Kariakoo.

Unakumbuka ulivyonifundisha kununua? Nilikuwa nimemaliza shule, nimeshuka kutoka Marangu, hata njia za sokoni sizijui. Ukanichukua tukazunguka kwa wanaoagiza mizigo kutoka nje. Duka la kwanza ukauliza bei ya sahani, ukakunja uso, tukatoka. La pili vivyo hivyo. Mwenye duka la tatu akakuuliza, "Kule umeambiwa ngapi, mama?" Ukamjibu bila kupepesa macho, "Mimi ndiyo naanza kwako." Tulipotoka nje ukaniambia nisimtajie muuzaji bei ya mwenzake hata siku moja. Ukimtajia, atakupunguzia kidogo tu hapo hapo, na bei yake ya mwisho hutaijua kamwe. Ni kanuni nzuri, Shangazi. Mimi mwenyewe naitumia nikinunua nguo.

Shida ni kwamba ulipopata uvimbe kanuni hiyo uliipeleka hospitali. Hukumwambia mtu. Ulianza hospitali ya binafsi mjini, wakakukata kinyama cha kupima, majibu yakatoka, ukayasikiliza, ukaaga. Ukaenda kwa daktari wa pili, Upanga, ukamwambia ndiyo kwanza umeuona huo uvimbe. Alipokiona kidonda ambacho hakijafunga vizuri, akauliza kimetokana na nini. Ukasema umekwaruzwa na mfuniko wa sufuria. Daktari mzima, Shangazi, unamwambia mfuniko! Naye, kwa kuwa hukumpa kitu kingine cha kushika, akaanza upya: picha, sindano, kinyama, kusubiri. Wewe ulisubiri, lakini uvimbe uliendelea na kazi yake.

Kila mmoja alikukuta na presha, na nani asingekuwa nayo? Kila mmoja akakuandikia dawa. Ukanywa za wote wawili, eti zisaidiane. Ndipo ulipoanguka dukani, katikati ya mabakuli, na mimi nikaitwa kutoka bandarini, ukanieleza habari za hao wawili.

Kazi yangu uliijua, natoa mizigo ya watu bandarini. Nimeona mzigo ulioshikwa na ofisi tatu zisizozungumza, kila moja inaanza upya, na bidhaa zinaharibikia hapo hapo. Nilikueleza hivyo ukiwa bado umelala na dripu mkononi. Ukanijibu, "Mimi si kontena, Manka."

"Kontena lingekuwa limeshatoka," nikasema.

Ulinuna. Baadaye ukaanza kucheka chini chini, na nikajua utakubali tuende kwa madaktari wa saratani.

Daktari alikuwa binti ambaye ungeweza kumzaa. Alikuamkia kabla ya kufungua faili, na nikaona umeshampenda. Akauliza umepita wapi na wapi.

"Mimi ndiyo naanza kwako, mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alitabasamu tu. "Mama, mimi sigombani na waliotangulia. Lakini kama umepewa dawa na siijui, naweza kukuumiza. Waliokuona walisemaje?"

Ukanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Wa kwanza alisema saratani," ukasema. "Wa pili naye saratani. Nikaenda kwa wa tatu, pale Mnazi Mmoja."

Huyo wa tatu hata mimi sikuwa nimemsikia.

"Akasemaje?"

"Sikumngoja amalize."

Mpaka dakika ile nilidhani ulikuwa unawapima madaktari, unatafuta anayejua kazi. Kumbe ulikuwa unatafuta mmoja wa kukupunguzia. Uliogopa, Shangazi. Wewe uliyekuwa ukigombana na wabeba mizigo mpaka wakakuita Mama Kamanda, ulikuwa unazunguka mji peke yako ukiogopa. Mimi si mtu wa machozi, unanijua. Lakini nilikuonea huruma mpaka nikashindwa kukaa vizuri kwenye kiti.

"Na wewe utasema hivyo hivyo?" ukamwuliza.

"Nitayasoma majibu yao kwanza. Yakiwa hivyo, sitakuficha. Ila tutasema pamoja na wao, siyo kila mtu peke yake."

Ukafungua pochi, ukatoa bahasha za majibu, ukaziweka mezani. "Maduka yote yakisema bei moja," ukasema, "hiyo ndiyo bei."

Tangu siku ile ulikuwa mgonjwa mmoja. Vile vinyama vilivyokwisha kupimwa vilitosha, hukukatwa tena. Daktari wa upasuaji, wa dawa na wa mionzi walikaa meza moja wakakuzungumzia wewe, na dawa za presha wakakuachia aina moja. Tukapewa nesi wa kumpigia simu, mtu mmoja anayejua jana ulipewa nini na kesho unatakiwa wapi. Nilimsumbua sana yule dada. Dripu za dawa ya saratani zilikutapisha, upasuaji ukaupita, mionzi ikakubabua ngozi, lakini kila mlango tulioingia walikuwa wanajua tumetoka mlango gani. Ndicho nilichokuwa nakitafuta, na ndicho nitakachomwambia mama wa Lindi: atafute daktari wa pili akitaka, ni haki yake, lakini aende na majibu ya wa kwanza mkononi.

Ulipata muda. Ulirudi dukani na kilemba kichwani, ukagombana na kila mtu, tukafurahi. Haukuwa muda mrefu kama tulivyoutaka. Ugonjwa ulirudi kwenye mifupa, na safari hii daktari alikuuliza majibu yakitoka aambiwe nani. Wewe ambaye hata mchungaji hukumwambia unaumwa, ukanyoosha kidole. "Mwambieni Manka. Yote, kama yalivyo."

Basi nilitangulia kujua. Niliambiwa kwenye korido, nikasimama pale nikipanga maneno laini ya kukuletea. Nilipofika kitandani ukauliza, "Kasemaje?" Nikayaona macho yako, na yale maneno niliyoyapanga yakanipotea yote. Nikakwambia dawa hazifanyi kazi tena, na kwamba kilichobaki ni kukutuliza maumivu. Sikuficha hata moja.

Ukalivuta shuka mpaka kifuani, ukalinyoosha kwa mikono yote miwili. Kisha ukaniuliza kama nimekula.

"Bado."

"Nenda ukale kwanza," ukasema. "Halafu urudi, tulie pamoja."

Nikaenda nikala wali maharage, mpaka sahani ikaisha, kwa sababu ulinituma. Nikarudi, tukalia.

Watu husema nilikupigania sana. Mimi naona nilifanya kazi ninayoifanya kila siku, kufuatilia. Kinachonigusa ni kwamba ulinikabidhi yote. Nakukumbuka, Shangazi, kuliko nilivyodhani mtu kama mimi anaweza kumkumbuka mwingine, na sioni aibu kuyaandika haya watu wakasoma.

Pumzika. Mimi ni mzima, na leo nimekula.

Mtoto wa kaka yako,
Manka